Mwanga Ambao Mama Dirisha Hakuuona

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mama Dirisha, na jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kumalizia matundu ya vifungo kwenye sare za shule, mzigo alioletewa na fundi cherehani wa barabara ya juu, na kazi hiyo inataka mwanga. Kwa hiyo kiti chake kilikuwa chini ya dirisha la chumba cha mbele, asubuhi hadi jioni. Mtu akikaa dirishani kutwa, na mikono ikawa inaijua njia yenyewe, macho hubaki bila ajira. Yake yalijitafutia kazi. Alijua nani karudi mapema na uso umemshuka, mtoto wa nani kavuka barabara bila kutazama, na mgeni yupi kapita mara ya pili akijifanya anapita mara ya kwanza.

"Ukipoteza kuku usihangaike kumtafuta," majirani walisema. "Muulize Mama Dirisha alipita na nani."

Hata hivyo hakuwa mmbeya. Mmbeya huona ili apate la kusimulia, lakini yeye aliona ili apate usingizi. Watoto wake wakubwa walikwisha kuondoka, kila mmoja na maisha yake, akabaki na kitindamimba wake, msichana wa darasa la pili, mwembamba, mdadisi, asiyeweza kupita mahali penye kelele bila kwenda kuchungulia. Kwa ajili ya huyo, mama yake alilala jicho moja wazi.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja. Upande wa barabarani kulikuwa na kibanda cha kinyozi, na ubavuni pake karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi huyo walimwita Cheche. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono imejaa alama ndogondogo za moto, na aliishi na mkewe na mtoto wao mchanga katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana. Mageti ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake. Hata majiko yaliyovunjika miguu alipelekewa, akayaunga na kuyarudisha bila kudai kitu.

Kabla ya mvua zilizopita, kitindamimba alikwenda kuchungulia. Alisimama nyuma ya Cheche, kimya, akatazama ule moto mweupe mpaka alipochoka. Fundi hakujua kama kuna mtoto nyuma yake. Usiku macho ya mtoto yakavimba, akalia kwamba yamejaa mchanga, na mama yake akakesha akimwekea kitambaa kilicholowa maji baridi huku akijiapiza mambo ambayo hayaandikiki. Mtoto alipona. Mama hakupona. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye tangu siku ile alishtuka kwa kila kilichong'aa, hata sufuria mpya.

Alimpelekea mashtaka mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyeishi kona ya barabara. Mwenye nyumba alikuja, akasikiliza pande zote mbili, akatoa amri. Karakana izungushiwe mabati, na giza likianza kuingia, mashine izimwe.

"Nikisikia umerudia, fundi, unafunga mizigo siku hiyohiyo," alisema. "Karakana na chumba ni kitu kimoja. Kimoja kikitoka, kingine kinafuata."

Cheche aliyasimamisha mabati kesho yake. Hakununa. Kila asubuhi alipita chini ya dirisha na kusema, "Shikamoo mama," naye Mama Dirisha akamjibu "Marahaba" ya kuuma uzi. Mtoto wake naye Mama Dirisha alimpa somo lake mwenyewe: "Ukiona mwanga mweupe wa ghafla, usiulize unatoka wapi. Fumba macho, geukia ukuta. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema tena."

"Nifumbe, nigeukie ukuta."

Sasa, jioni yenyewe. Jua lilikuwa limezama lakini anga ilikuwa haijaamua kuwa nyeusi. Mama Dirisha alikuwa uani, kwenye kigoda, amembana kitindamimba kati ya magoti anamchana nywele. Wote wawili walikuwa wameuelekea ukuta wa nyuma. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Ndoo ilikuwa chini ya bomba.

Mara ukuta ukawa mweupe. Haukuwa weupe wa taa. Ulikuwa weupe wa kuchoma, wenye rangi ya kijani pembeni, hata nyufa za ukuta zikaonekana moja moja. Chanuo likaanguka. Mama Dirisha akakikandamiza kichwa cha mtoto mapajani, akamfunika kwa mikono yote miwili, na yeye mwenyewe akafumba macho kwa nguvu mpaka mashavu yakauma. Kabla ya kuyafumba, aliona kitu kimoja kidogo. Kivuli cha ndoo kilikuwa kinatembea. Kilitoka upande mmoja wa ukuta kikaelekea upande wa pili, taratibu, kama mtu anayehama. Moto wa kuchomelea hutetemesha vivuli mahali vilipo, hauvitembezi. Aliliona jambo hilo, akalipuuza.

"Mama, niachie! Mama, nini?"

"Fumba!"

"Nimefumba! Unaniumiza!"

Alipofumbua, ua ulikuwa umerudi katika giza lake la kawaida. Huko barabarani watu walikuwa wanapiga kelele. Hakungoja kusikia wanasema nini. Hasira iliyokaa kifuani tangu ule usiku wa vitambaa vya maji ilikwisha kufika mdomoni. Alichukua simu, akampigia mwenye nyumba.

"Mama, amerudia."

"Nani?"

"Cheche. Saa hizi, giza hili, mwanga umejaa ua mzima. Mtoto wangu alikuwa hapahapa."

"Amerudia?" Sauti ya mwenye nyumba ilikuwa na mwangwi wa bafuni. "Basi nakuja. Mwambie asiondoke."

Alikuwa anamwosha mtoto uso kwenye bomba ulipokuja mshindo. Ulikuja wenyewe, umechelewa, mzito, kama lori linalomwaga mawe nyuma ya mtaa. Vioo vikatetemeka. Basi, Mama Dirisha akasema moyoni, na mashine nayo imelipuka. Akamshika mtoto mkono, akapita ukumbini kama upepo, akatokea barabarani akiwa ameanza maneno tangu mlangoni.

"Wewe Cheche! Mpaka uue mtu ndiyo ujue amri ni amri? Toka humo ndani! Toka nikuone!"

Alikuwa anauambia mlango wa karakana. Mlango ulikuwa umefungwa, na kufuli linaning'inia.

Barabara nzima ilikuwa nje, na kila mtu ameinua kidevu. Walipomsikia wakashusha videvu, wakamtazama yeye. Kisha mmoja akacheka, na cheko likawapata wengine.

"Mama Dirisha, unamgombeza nani? Kufuli?"

"Cheche yuko hapa, mama," kinyozi akaita kutoka kibandani kwake, wembe mkononi. "Namnyoa. Kama amechomelea kitu, amechomelea mapovu yangu."

Kweli, Cheche alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka jeupe shingoni, nusu ya ndevu zimetoka na nusu zimefunikwa na povu. Yeye hakucheka. Aliinua mkono kidogo chini ya shuka, kama mtu anayeitika jina lake darasani.

"Kwani hukuona?" akauliza muuza mboga, beseni lake bado liko kichwani. "Kimondo, mama! Kimepita juu ya mapaa! Kikubwa kama... sijui kama nini. Mchana umerudi!"

"Kina mkia," akasema mwingine.

"Mikia! Kilikatika vipande."

"Kijani."

"Kijani kwako. Mimi nimekiona cheupe."

"Halafu ule mshindo! Mimi nimesoma dua zote ninazozijua, na moja ya chakula."

Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanacheka kwa woga uliokwisha, na mikono inaonyesha juu, kutoka paa hili mpaka paa lile. Mama Dirisha akasimama katikati yao. Kivuli cha ndoo kikamrudia, kikitembea. Uso wake ukapata moto, na hakukuwa na pa kuupeleka.

"Mama," kitindamimba akamvuta nguo, sauti imeanza kulowa. "Wote wameona. Ni mimi tu."

"Nyamaza."

"Ulinifunika."

"Nyamaza nimesema!"

Simu ilikuwa bado mkononi. Hapo ndipo angeweza kuimaliza habari. Angempigia mwenye nyumba, aseme, "Mama, rudi, nimekosea, ni kitu cha mbinguni." Aliibonyeza simu ikawaka. Kisha akawaza. Watu wamekwisha kunicheka mara moja, nitajianika mara ya pili? Mwenye nyumba atafika, ataona watu, ataambiwa, atacheka na yeye. Yataisha yenyewe. Akairudisha simu mfukoni.

Hayakuisha yenyewe. Mwenye nyumba alifika kwa miguu, kandambili za bafuni zikipiga lami, taulo limefungwa kichwani na shanga za maji shingoni. Hakusalimia. Watu wakamwachia njia.

"Fundi."

Cheche akasimama na shuka lake. "Mama."

"Nilikwambia nini?"

"Mama, nilikuwa hapa kwenye kiti. Karakana nimefunga tangu alasiri."

"Na mwanga? Na ule mshindo uliotikisa bafu langu mpaka sabuni ikaanguka?"

"Ni kimondo, mama," watu wakasema kwa pamoja, kila mmoja na mkono wake juu.

Mwenye nyumba akatazama juu. Juu hapakuwa na kitu, ila nyota mbili tatu za kawaida. "Kimondo," akasema. "Nyota inapiga kelele kama mtungi wa gesi."

"Mimi shahidi," akasema kinyozi. "Ndevu zake hizi hapa, nusu."

"Wewe hicho kiti unachonyolea alikutengenezea nani?"

Kinyozi akakitazama kiti.

"Na wewe, jiko lako? Na wewe, geti? Nyote hapa mmekula mkono wake. Hata angeichoma nyumba yangu mngeniambia ni mwezi umechomoza." Akageuka, akamtafuta Mama Dirisha kwa macho, akampata. Sauti yake ikalainika. "Namwamini huyu. Huyu hadaiwi na fundi wala hamdai. Mdogo wangu, wewe huna uongo. Uliona mwanga?"

Watu wote wakamgeukia. Kinyozi akatabasamu, akingoja kisa kifike mwisho. Hata Cheche alilegeza mabega, kwa sababu sasa mwenye kesi mwenyewe ataifuta.

"Niliona mwanga," akasema Mama Dirisha.

"Mweupe?"

"Mweupe."

"Kama ule wa kuchomelea?"

Alitaka kuendelea na maneno mengine, yalikuwepo, yamepanga foleni. Lakini kila alipotaka kuyatoa aliliona lile cheko likimngoja. Yeye, mtu wa kuulizwa kuku, aseme mbele ya mtaa kwamba kitu kilichoonekana na kila mwenye macho, hakukiona, na kwamba alisimama akaligombeza kufuli.

"Kama wa kuchomelea," akasema.

Na lilikuwa kweli, ndiyo ubaya wake. Mwanga ulifanana. Alikuwa ametoa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ikafanya kazi ya uongo mzima.

Muuza mboga akashusha beseni. "He! Mama Dirisha!"

"Basi," mwenye nyumba akasema, na kunyoosha kiganja. "Fundi, funguo. Karakana na chumba. Usiku huu lala, kesho sitaki kukukuta."

Cheche alimtazama Mama Dirisha. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu aliyeshika upande mmoja wa kitu kizito, anamngoja mwenzake ashike upande wa pili. Alipoona hakuna anayeshika, akajipapasa chini ya shuka, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mwenye nyumba. Povu lilikuwa limeanza kukauka shavuni.

Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amesimama mke wa fundi, mtoto mchanga begani. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Hakulia, hakuuliza. Aligeuka akaingia ndani, na muda si muda ikaanza kusikika sauti ya vyombo. Sufuria ndogo ndani ya kubwa. Vifuniko. Kisha kimya, kile kimya cha sahani zinazofungwa katika nguo ili zisivunjike njiani.

Mwanamke yeyote anaijua sauti hiyo. Mama Dirisha aliijua zaidi ya wengi, maana katika miaka yake ya mwanzo ya ndoa alihamishwahamishwa mpaka akajua chombo gani kinafungwa kwanza. Na alijua kwamba anayefunga upesi hivyo, bila kuuliza, si mara yake ya kwanza kufukuzwa.

"Sikuona," akasema.

Alilisema chini mno. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kugeuka.

"Mama! Sikuona!"

Kandambili zikasimama.

"Hukuona nini?"

"Sikuona kitu chochote. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeelekea ukuta, ukuta ukawaka, nikafumba. Nikadhani ni yeye. Sikutoka kutazama."

"Wewe," mwenye nyumba akasema polepole. "Wewe usione."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha.

"Na simu ulinipigia umefumba macho?"

"Ndiyo, mama. Nilipiga kwanza."

"Na sasa hivi nilipokuuliza mbele ya watu, ulikuwa umefumba?"

Mama Dirisha alitazama vidole vya miguu yake. Machozi yalikuja, akayakataa, kwa sababu aliona si haki yake kulia wakati mwenzake anafunga sahani.

"Niliona haya," akasema. "Nilikwisha kujua kabla hujafika. Nilijua, nikaona haya, nikakuacha uje."

Kitindamimba alikuwa bado ameshika nguo yake. Alikuwa anamtazama mama yake kutoka chini, mdomo wazi, kama anamtazama mtu mwingine.

Mwenye nyumba alimrudishia Cheche funguo bila neno, akazibana kiganjani mwake kwa mikono miwili, ambayo kwake yeye ndiyo ilikuwa namna ya kuomba radhi. Kisha akafunga taulo vizuri kichwani. "Umenitoa bafuni na mapovu masikioni," akamwambia Mama Dirisha. "Siku nyingine ukinipigia, nitampigia kinyozi kwanza." Akaenda zake, na safari hii kandambili hazikupiga lami kwa kishindo.

Watu hawakujua wafanye nini na mikono yao. Wakaanza kutawanyika, wakizungumza juu ya kimondo kwa sauti ndogo. Mama Dirisha akamfuata Cheche kwenye kiti cha kinyozi.

"Mwanangu," akaanza, na neno hilo lenyewe likamtia haya, kwa maana hakuwahi kumwita hivyo. "Fundi. Nimekukosea."

Cheche alikaa. Kinyozi akapaka povu jipya, makini kupita kiasi, akijifanya hana masikio.

"Mtoto wako aliumia kweli," Cheche akasema, akitazama kioo. "Na moto ulikuwa wangu. Kwa hilo nilikuwa nakuelewa siku zote. La leo silielewi, lakini nitalala nalo, huenda nikalielewa." Akaacha wembe upite. "Ila mwenzangu huko ndani hajui kama tumebaki. Mimi nimefungwa hapa na huyu bwana. Nenda ukamwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mama."

Njia ya kutoka kwa kinyozi mpaka chumba kile ilikuwa fupi, na hakuwahi kuipita. Kitindamimba alimfuata nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Taa ilikuwa inawaka, na chini ya taa kila kitu kilikuwa tayari kimekuwa mzigo. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Vyombo vimo katika mafurushi mawili ya shuka. Mtoto mchanga amelazwa juu ya furushi la nguo, anatafuna ngumi yake. Mke wa fundi alikuwa amepiga magoti, anakaza fundo kwa meno.

"Hodi," akasema Mama Dirisha.

Yule mwanamke aliinua macho, akaona ni nani, akaendelea na fundo lake.

"Mnabaki. Amerudishiwa funguo. Nimesema ukweli... nimechelewa, lakini nimeusema. Mimi ndiye niliyewatia katika hili. Hakuchomelea kitu mumeo, alikuwa ananyolewa."

"Najua alikuwa ananyolewa. Nilimpelekea taulo mimi."

"Nisamehe, mwanangu."

Mke wa fundi akaachia fundo. Alikaa juu ya visigino, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono. Alitazama mafurushi, kisha akatazama mlangoni, ambako kitindamimba alikuwa amesimama na nywele zake upande mmoja zimechanwa na upande mmoja zimesimama kama ufagio. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Huyo naye kafanyaje?"

"Sikukiona," mtoto akasema. "Kimondo. Mama alinifunika."

"Hukukiona hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Njoo ukae hapa."

Mtoto akapita mbele ya mama yake, akakaa sakafuni kando ya mtoto mchanga. Mama Dirisha hakuambiwa akae. Alisimama kidogo, kisha akapiga magoti mbele ya furushi la kwanza, akaanza kulifungua. Lilikuwa limekazwa kwa nguvu za mtu mwenye uchungu. Vidole vilivyozoea uzi mwembamba vilihangaika na shuka lile mpaka kucha moja ikapinda, lakini hakuomba msaada, na hakuna aliyempa.

"Nilikuwa naanua nepi kule mbele, kwenye mabati ya karakana," mke wa fundi alimwambia mtoto, mgongo amempa mama. "Kikatokea kule, upande wa tangi la maji. Kwanza kidogo, nikadhani ni ndege imewasha taa. Halafu kikafura. Nepi zote mikononi mwangu zikawa za kijani."

"Za kijani!"

"Za kijani kabisa. Nikamwinua huyu juu, nikamwambia, tazama, tazama, usije ukasema hukuonyeshwa."

Mama Dirisha alitoa sahani ya kwanza kutoka katika gauni ambamo ilikuwa imefungwa. Akaigeuza, akaikagua ukingo wote kwa kidole, asije akawa ameipasua yeye. Haikuwa na ufa. Akaiweka rafuni polepole, isitoe sauti, asije akakatiza maneno, akarudi kuchukua ya pili.